Karibu ya Mamudo

Dauto alivuka mto Rovuma bado kijana, akaenda Mtwara kuwa beki wa kulipwa, na huko aliacha meno mawili na nusu ya goti. Lakini alicheza, wacha wee! Mafowadi wakimwona wanahamia upande wa pili. Sasa timu ya Mtwara imemwacha, karudi kijijini kwao Quionga na haja moja tu moyoni: avae jezi ya kwao kabla goti halijamalizika, hata mechi moja.

Mamudo muuza samaki, ambaye ndiye rais wa kilabu, akakataa katakata. "Aliyecheza kwa pesa kajiuza. Hatumtaki."

Kajiuza! Na wewe Mamudo, samaki wako unawagawa bure? Dauto alitembea na neno lile wiki nzima.

Siku ya mechi na timu ya kijiji cha Nhica, wachezaji walikuwa uani kwa Mamudo wanakula. Ada ya Quionga ni hiyo: timu inakula sinia moja, na aliyetia mkono kwenye sinia ile ndiye anayecheza. Akishatia, habanduliwi. Dauto akatokea mlangoni makusudi, kifua mbele.

"Hodi hapa!"

"Karibu, karibu tule," akajibu Mamudo, wali tele mdomoni. Jamani, angejibu nini? Kalelewa pwani huyo. Mtu akikukuta unakula, karibu inatoka hata hujamtazama usoni. Na anayekaribishwa naye analijua jibu lake: aseme "Starehe," ashike njia. Wote waliingoja starehe hiyo.

Dauto akavua ndara, akanawa, akakaa. Tonge la kwanza akalitafuna taratibu, upande wenye meno.

"Nilikukaribisha kwa adabu tu!" Mamudo akafoka.

"Nami nakula kwa adabu, mzee."

"Inuka!"

"Haya, mfukuze mgeni kwenye chakula. Majirani wanasikia."

Zubeida, mke wa Mamudo, akaja na bakuli la mchuzi akammiminia Dauto. "Kula, mwanangu. Mdomo huponza kichwa, na huu wa mume wangu umeshaponza." Wachezaji wakaangua kicheko.

Mamudo akainuka kwa hasira, akamtupia jezi. "Goti likikatika usinililie!"

Dauto akaivaa palepale, mkono bado una mchuzi. "Goti langu mwenyewe. Mtwara walilinunua, nikawauzia, wala sioni haya. Leo nalitoa bure, na wewe utakaa utazame."