Miaka Kumi na Tisa ya Kuwaapisha Wenzangu

Mimi ndiye karani wa viapo wa halmashauri yetu, na kabla hujaniheshimu sana, nikwambie kazi yenyewe. Nasimama kwenye kipaza sauti, namkabidhi diwani mpya kitabu kitakatifu cha dini yake, kisha nasoma kiapo kipande kwa kipande naye ananifuatisha. Kasuku aliyefunzwa vizuri angeiweza. Ila kasuku hana sauti yangu. Nina sauti nzito ya kutoka tumboni, na nikifika kwenye "Ee Mwenyezi Mungu, nisaidie", huwa nasita kidogo kabla ya neno la mwisho, ili hata mwenye moyo wa jiwe ainamishe kichwa. Ofisini wananiita Mzee Kiapo. Najifanya jina hilo silipendi.

Kwa miaka kumi na tisa nimewaapisha watu ambao, wino wa saini haujakauka, walikuwa wameshaanza kugombania viti vya mbele. Uchaguzi uliopita wagombea watano wa kata moja walitangaza jukwaani kwamba Mungu ndiye aliyewatuma. Kiti kilikuwa kimoja. Niliwacheka mpaka mbavu zikaniuma, kumbe nyani haoni kundule.

Maana nami Mungu simpi nafasi ya kupumzika. Nikiulizwa kama nimezima jiko, haki ya Mungu nimezima. Nikichelewa kazini, Mungu ni shahidi yangu, njia ilikuwa imefungwa. Nimemwita kushuhudia mambo ambayo hata jirani ningeona aibu kumwita.

Sasa, mwaka huu kata yetu ilimchagua mwanangu kuwa diwani. Ni binti yangu wa pekee, mkunga wa zahanati iliyo nyuma ya ofisi zetu, na tangu mama yake afariki tumebaki wawili. Nilifurahi kupita kiasi. Nilijiona tayari tumesimama kwenye kipaza sauti kimoja, mimi nasoma, yeye anafuatisha, ukumbi mzima unafuta machozi. Nilipeleka hata joho langu la kuapishia kwa dobi.

Kisha fomu zikaletwa mezani kwangu. Kila diwani huweka alama kwenye kimojawapo cha visanduku viwili: kiapo, au tamko. Tamko ni maneno yale yale, ila kitabu hakishikwi na Mungu hatajwi mwishoni. Kwa miaka yote hiyo walilichagua watu wawili tu, na nikawasomea kama natangaza mbwa aliyepotea. Wa tatu alikuwa mwanangu.

Nilivuka uwanja mbio mbio, fomu mkononi. Nilimkuta akikunja vitambaa vya kupokelea watoto, akivipanga kabatini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwanangu, umekosea fomu."

"Sijakosea."

"Watu watasema binti wa Mzee Kiapo hana dini!"

"Waache waseme. Mimi nasali kila ninapoingia chumba kile." Alionyesha mlango wa chumba cha kuzalishia. "Pale namhitaji kweli. Mbele ya wapiga picha sitaki kumtaja."

"Kwani shida iko wapi? Si maneno tu!"

Mdomo huo ni wangu, siwezi kumsingizia mtu. Mwanangu aliacha kukunja.

"Umesema mwenyewe, baba." Akavuta pumzi. "Unakumbuka siku mama alipopasuliwa?"

Nilikumbuka. Nilikuwa nimefanya kazi kubwa ya kutokumbuka.

"Ulisema haki ya Mungu, saa sita utakuwa pale. Ulikuja saa kumi, na kipande cha keki kwenye karatasi."

Siku hiyo tulimwapisha mwenyekiti, na baada ya kiapo kukawa na picha, na mimi kwenye picha huwa sikosi. "Ilikuwa kazi," nikasema.

"Mama alikuwa ananiuliza saa mpaka walipokuja kumchukua. Mimi nikawa namwambia, baba ameapa, atakuja."

Mke wangu alitoka salama chumba cha upasuaji, lakini hakuishi zaidi ya wiki tatu, na jambo lile hakulitaja hata mara moja. Nilidhani amelisahau. Ukweli ni kwamba nilitaka kudhani hivyo.

"Sikulaumu, baba," alisema, akarudia vitambaa vyake. "Ila mpaka leo nikisikia mtu anaapa, natazama saa. Kesho nisomee yaliyoandikwa tu. Usiongeze kitu. Utaweza?"

"Haki ya..." Niliung'ata ulimi kwa nguvu. "Nitaweza," nikasema. Niliona aibu jinsi neno hilo lilivyotoka jembamba likiwa peke yake.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Mwanangu alikuwa wa kumi na moja. Wale kumi waliomtangulia wote walikuwa wa kitabu, kwa hiyo alipofika mbele, mikono mitupu, ulimi wangu ulikuwa umeshashika mteremko. Nilisoma vizuri, haya nijisifu hapo. Alinifuatisha neno kwa neno, wazi, bila haraka. Tukafika "bila woga wala upendeleo", na karatasi ikaishia hapo. Kidole changu kilikuwa kwenye nukta. Nilikuwa naiona.

"Ee Mwenyezi Mungu," nikasikia sauti nzito ikisema. Ikasita, kama kawaida yake. "Nisaidie."

Hakuna aliyefuatisha. Miaka kumi na tisa neno hilo lilikuwa likinitoka tu, mwenzangu analipokea na kuondoka nalo. Leo lilibaki ukumbini bila mwenyewe. Mwenyekiti alikohoa. Nyuma mtu alicheka puani. Mwanangu alikuwa ameniomba jambo moja, dogo, nami sikumaliza nalo hata siku moja. Nilimwona mke wangu kitandani akiuliza saa.

Nilishika kipaza sauti. "Samahani," nikasema, na ile sauti ya tumboni ilikuwa imeshakwenda zake. "Hilo la mwisho halimo kwenye tamko la diwani. Liandikeni ni la karani. Ni mimi ninayeomba."

Ukumbi ukaangua kicheko, maana Mzee Kiapo huwa hakosi mzaha. Mwanangu hakucheka. Alisogea kando ya kipaza sauti, akasema kwa sauti ya kunitosha mimi tu:

"Amina, baba."