Pindo Lililotafunwa

Watu wa mtaa walimwita Bi Kwanini, na jina lilimkaa kama gauni alilojishonea mwenyewe. Alikuwa fundi cherehani, na mteja aliyekuja kupunguziwa suruali aliondoka ameshaeleza kwa nini amekonda, nani anampikia na amekosana na nani. Kwa hiyo nesi wa zahanati alipotafuta watu wa kujitolea kuwatembelea wagonjwa wasio wa kupona, wengi walicheka kusikia kamchagua yeye. Nesi hakucheka. Alisema kazi yenyewe ni kuuliza.

Walifundishwa siku tatu kwenye stoo ya zahanati. Kumgeuza mgonjwa, kumwosha mdomo, kukaa naye ili wa nyumbani apate kupumua. Na kupima maumivu kwa mkono, kama kwenye picha ya nesi: ngumi maana yake hakuna kitu, kidole kimoja ni maumivu kidogo, mkono wote ni yale yasiyovumilika. Unauliza, unaandika namba kwenye daftari, Jumatatu nesi anasoma na kuamua dawa. Kuongeza dawa si kazi yako.

Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa fundi seremala mwenye uvimbe kwenye nyonga ya kushoto. Kila Jumanne na Ijumaa Bi Kwanini akifika, mke wa fundi alichukua ndoo na kwenda bombani, nafasi yake pekee ya kutoka nje. Fundi alikuwa amelalia ubavu wa kulia, shuka hadi kidevuni.

"Fundi, maumivu leo?"

Vidole vitatu vilichungulia kwenye shuka, gumba na viwili vya jirani yake.

"Tatu. Asante, kaka."

Wiki tano, tatu tupu. Hilo lilimkera Bi Kwanini. Hata homa hupanda na kushuka. Maumivu gani haya, yenye msimamo kuliko baba watoto wake?

Halafu kulikuwa na pindo. Wiki ya tatu aliona pindo la shuka limetafunwa upande wa kichwani. Panya, alijisemea. Akalishona upya, akamwambia mke wa fundi atege mtego. Wiki iliyofuata nyuzi zake mpya zilikuwa zimeliwa, na mtego umekaa vilevile na chambo chake. Panya gani anaacha mkate anakula uzi?

Ijumaa moja alikuja na futi ya kupimia shingoni. Mashati ya fundi yalikuwa yanampwaya, naye alitaka kumshonea moja linalofunguka ubavuni, lisilomtesa wakati wa kuvalishwa. Akatungua la zamani msumarini apate pa kuanzia, akalilaza mezani. Mkono wa kushoto ulizidi wa kulia kwa inchi mbili nzima.

"Nani kakushonea hili? Huyo alikuwa anatazama wapi?"

"Niliomba mwenyewe. Liache, Bi Kwanini."

"Kwa nini?"

Fundi akafumba macho. Mtu mwingine angeishia hapo. Yeye akaketi ukingoni mwa kitanda, futi mkononi. "Basi toa mkono nipime, nisije nikakosea kama huyo mwenzangu."

Fundi akaona hana pa kukimbilia. Shuka likasogea, mkono wa kushoto ukatoka. Vidole vilikuwa vitatu tu. Mahali pa viwili vya mwisho palikuwa na kovu laini, la zamani.

"Msumeno wa umeme," alisema. "Mwaka wangu wa pili kazini. Mteja akiuona mkono huu anaihurumia meza yake. Nikazoea kuuficha."

Bi Kwanini alitazama mkono, akatazama daftari.

"Kaka. Hivi vitatu unavyonionyesha kila siku…"

"Si ulisema yakizidi nionyeshe mkono wote? Ndio wote nilio nao."

"Wiki tano! Mbona hukuniambia?"

"Nilikuona unaandika, unanishukuru, unaondoka. Nikajua dawa zenu zinaishia hapo. Wewe mwenyewe unajitolea, nikusumbue vipi? Nikajikaza kisabuni." Alijaribu kucheka, akashindwa, akauma pindo la shuka.

Aibu ilimpanda Bi Kwanini hadi masikioni. Mtaa mzima alikuwa ameuhoji, na mtu huyu mmoja hakumuuliza swali la pili. Alitoka uani akampigia nesi, na safari hii hakupamba hadithi. "Nimeandika tatu. Ni tano. Tangu mwanzo ni tano. Njoo leo."

Nesi alifika kwa pikipiki kabla ya saa tisa. Akauangalia mkono, akamuuliza fundi kwa maneno: analala kiasi gani, anageukaje, yanamzidi saa ngapi. Akamwongezea dawa, akamwelekeza mkewe kipimo kipya, akasema atarudi kesho. Mlangoni Bi Kwanini alisubiri kugombezwa.

"Nilimpima nyonga, mkono sikuutazama," nesi alisema. "Na picha niliyowafundishia ina vidole vitano. Kosa ni letu sote."

Bi Kwanini aliitikia, lakini aibu haikupungua hata chembe.

Jumanne alikuja na shati jipya. Mkono wa kushoto aliuacha mrefu, inchi mbili kamili, kwa kuwa mwenyewe ndivyo alivyotaka. Akabisha hodi, kimya. Akabisha tena, kimya. Akausukuma mlango taratibu, roho mkononi.

Fundi alikuwa anakoroma. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya shuka, wazi, mbele ya yeyote atakayeingia. Kwenye kiti mkewe naye alikuwa amelala, kichwa ukutani, kiatu kimoja kimemtoka mguuni. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Bi Kwanini alipitisha kidole kwenye pindo la shuka. Lilikuwa kavu, nyuzi zote zipo. Maswali yalikuwa yamemjaa hadi kooni. Akafungua daftari, na mahali pa namba akaandika: amelala. Kisha akachukua ndoo tupu iliyokuwa mlangoni, akaenda bombani.