Gunia la Mbegu kwa Bibi Ruthu

Mimi ni mwalimu wa kilimo na mazingira katika shule ya msingi ya parokia, kijijini mbele kidogo ya Hombolo, na kusema kweli nimechoka. Kila kazi isiyo na mwenyewe hapa shuleni ni ya Mwalimu Lameck. Bustani, Mwalimu Lameck. Matangi ya maji ya mvua, Mwalimu Lameck. Watoto wa Utoto Mtakatifu, kile chama cha watoto cha kanisa, wakipeleka msaada kwa wenye shida, anayesukuma baiskeli yenye gunia ni mimi, huku wao wametangulia na ngoma na nyimbo, na kijiji kizima kimetoka nje kuangalia leo ni zamu ya nani kuhurumiwa.

Nimeshasema mara nyingi kwamba ile ngoma inatia watu aibu. Naambiwa watoto wanaipenda. Wanaipenda, ndiyo, kwa sababu hawapigiwi wao.

Mwaka jana mvua ilikata mwezi wa pili. Mahindi yalikaukia magotini. Shamba la shule lilikuwa la mtama, kwa hiyo tulipata magunia machache, na moja tukaliweka kando liwe mbegu ya kuwagawia wazazi msimu ukifika, waachane na mahindi yanayowaangusha kila mwaka. Huo ulikuwa mradi wa Sista Emiliana, mkuu wetu wa shule, mtu wa Rombo, mwenye akili nyingi na adabu iliyopitiliza.

Ilipofika Septemba, mwenyekiti wa jumuiya akatuletea jina la Bibi Ruthu. Alisema jikoni kwake moshi hauonekani siku hizi.

Bibi Ruthu anaishi peke yake kwenye nyumba ya tembe nyuma ya kanisa. Watoto wake walikwenda kutafuta maisha, wakayatafuta moja kwa moja. Yeye ni mtu ambaye hajawahi kurudisha chombo cha mwenzake kikiwa kitupu. Pasaka tulimpelekea sahani ya pilau, ikarudi imejaa mlenda mkavu. Nilipomwazima jembe aliliegemeza mlangoni kwangu limefungwa fundo la karanga kwenye mpini.

"Tukimpelekea kwa ngoma, atakufa kwa aibu," Sista alisema.

"Basi tuache ngoma. Nenda mwambie, Bibi, una njaa, chukua hiki ule."

"Mwalimu! Mtu mzima yule. Utamwambiaje hivyo?"

Akafikiri, halafu uso ukamng'aa, nami nikajua kuna mzigo unakuja. Wazo lake lilikuwa kwamba tumpelekee lile gunia la mbegu atutunzie. Yeye atalila polepole, sisi tutajifanya hatuoni, na heshima yake itabaki palepale. Mbegu nyingine tungetafuta kwa mapadre wa Mvumi. Nilimwambia kwamba huku Ugogoni neno mbegu si la kuchezea. Akacheka, akasema njaa haina masikio. Nilikuwa na madaftari ya darasa la sita ya kusahihisha, nikafunga gunia kwenye baiskeli.

"Mbukwa, Bibi," nilimsalimu. Sista naye akapiga shikamoo yake kwa mikono miwili.

"Marahaba, Sista. Karibuni."

"Bibi, tuna shida," Sista alianza. "Stoo ya shule imejaa panya. Tunaomba ututunzie mbegu hizi mpaka mvua. Na zikipungua, Bibi, wala hatutauliza." Akatabasamu, akarudia taratibu, "Hatutauliza kabisa."

Bibi Ruthu aliliangalia gunia, akatuangalia sisi, akanyoosha mgongo.

"Hazitapungua," alisema.

Tulirudi Sista akiwa na furaha kama aliyefaulu mtihani. Oktoba ikapita, Novemba ikapita, vumbi na upepo tu. Kila Jumapili Bibi Ruthu alikuja misa. Niliona kanga yake inamzunguka mara nyingi kuliko zamani, nikamwambia Sista. Sista akasema ni uzee, chakula kipo ndani, tumwache ale kwa amani yake. Nikakubali. Mtu akichoka hukubali vitu vingi.

Mvua ya kwanza ilinyesha Desemba. Mbegu za Mvumi hazikuwa zimepatikana, kwa hiyo tukaenda kwa Bibi Ruthu, tukitarajia kukuta nusu gunia, au robo, au mfuko mtupu na mazungumzo ya adabu.

Alikuwa amekaa chini, ameegemea ukuta. Hakusimama kutupokea, na hilo peke yake lilinitisha. Alituonyesha kwa kidole. Pembeni kulikuwa na mitungi mikubwa, imezibwa midomo kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Nilizibua mmoja. Mtama ulikuwa umechanganywa na majivu vizuri, hakuna fukusi, hakuna panya. Tukaupepeta majivu, tukaupima tena kwenye gunia lilelile. Gunia likajaa mpaka mdomoni.

"Hesabuni vizuri," Bibi Ruthu alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

Sista alipiga magoti hapohapo kwenye majivu, akaanza kulia. "Bibi, tulitaka ule! Gunia lilikuwa lako. Nilisema hatutauliza!"

"Nilikusikia. Nilidhani unaniona mwizi." Akapumua kwanza. "Mbegu ya watoto wa watu nile mimi? Na nyie mkae shuleni mkijua kwamba nakula?"

"Sikutaka kukuaibisha."

"Sista, mimi maneno ya kuzunguka siyawezi. Ungeniambia, Ruthu, una njaa, kula. Ningekasirika. Ningekasirika siku mbili. Halafu ningekula."

Nilimkasirikia Sista, nikajikasirikia mimi, nikaikasirikia na ile baiskeli. Tulipakia mbegu kwa sababu ardhi ilikuwa mbichi na wazazi walikuwa wanasubiri.

Mchana ule Sista alichota makande kwenye sufuria ya wanafunzi, akajaza bakuli la bati la shule, akalipeleka mwenyewe, bila ngoma, bila mtoto, bila kisingizio. Nilimfuata kwa nyuma. Alisimama mbele ya yule mama.

"Bibi Ruthu, una njaa. Kula."

Alikasirika kweli. Alitufukuza kwa Kigogo, na nashukuru Sista hakielewi. Lakini bakuli lilibaki ndani.

Siku mbili hatukumwona. Siku iliyofuata, wakati wa mapumziko, wanafunzi wote wakiwa uwanjani, Bibi Ruthu aliingia getini na fimbo yake, hatua kwa hatua, akakifuata kivuli cha ofisi alipokuwa amesimama Sista. Hakusalimia. Alitoa bakuli chini ya kanga, akampa mkononi.

Lilikuwa limesuguliwa kwa mchanga mpaka linang'aa. Sista aliangalia ndani, nami nikachungulia. Hapakuwa na mlenda, wala karanga, wala chochote.

"Sina cha kuweka," Bibi Ruthu alisema, kwa sauti ambayo hata darasa la kwanza walisikia.

Sista alilipokea kwa mikono miwili, akaenda nalo jikoni.