Mama Mkwe na Jirani Wapya

Mama mkwe wangu alipofanyiwa upasuaji wa jicho, daktari alimpa sharti moja lililomuudhi kuliko kisu chenyewe: alale kifudifudi, uso chini, mpaka utando wa nyuma ya jicho ushike vizuri. Ruhusa ya kuinuka ni ya kula na kwenda msalani tu. Kusoma hakuna, televisheni hakuna. Na huyu ni mwanamke aliyestaafu akiwa mwalimu mkuu, aliyezoea kumtazama mtu usoni mpaka akiri makosa ambayo hata hajayafanya. Sasa akabaki kuitazama sakafu yangu.

Tulimleta kwetu kwa sababu mimi kazi yangu iko nyumbani. Nashona mapazia. Nusu ya sebule ni ya wageni, nusu ni ya cherehani, na siku za kazi nyingi wageni wanakaa juu ya vitambaa. Tulimtandikia godoro chini ya dirisha. Mume wangu, ambaye ni fundi umeme, alikata sponji nene akalitoboa katikati, mama yake aingize uso humo apate kupumua.

Mimi na mama hatukuwa na ugomvi wowote. Tulikuwa na adabu, na adabu ikizidi inabana kama kiatu kipya. Siku ya kwanza nilishona kimyakimya, nikaweka muziki kwa sauti ya chini kabisa.

"Ni nini hicho kinachonong'ona?" sauti ikatoka ndani ya sponji.

"Muziki, mama. Nizime?"

"Ongeza au zima. Usiniletee mbu."

Nikaongeza. Walikuwa Jirani Wapya, bendi yangu tangu nikiwa msichana. Wako wanne, na watu wanawajua kwa kibao kimoja tu, "Nipigie," kile cha kurukaruka kilichopigwa kwenye kila harusi mpaka kikachosha. Mume wangu huwaita bendi ya wimbo mmoja. Mimi nina albamu zao zote.

"Hizi ni kelele za sherehe," mama alisema. "Lakini Kiswahili chao kimenyooka."

Kutoka kwake, hiyo ilikuwa zawadi. Nikapata ujasiri, nikaruka mpaka albamu ya tatu, ile ambamo waliacha tarumbeta na ngoma wakabaki na gitaa na sauti zao. Watu walisema wamekwisha. Humo mna wimbo wa kijana anayerudi nyumbani kwa msichana kuuliza kama kasahau mwavuli wake pale. Ubeti wa pili anarudi tena kuuulizia. Ubeti wa tatu anarudi, na kiangazi kimekolea.

Cherehani ilikuwa inakimbia. Mama akapiga godoro kwa kiganja. "Simamisha! Rudisha hapo."

Nikarudisha. Akasikiliza, mgongo ukaanza kutikisika. Nilidhani analia, na daktari alikuwa amekataza kulia. Kumbe anacheka.

"Hana mwavuli huyu!" alisema. "Hajawahi kuwa na mwavuli! Na neno 'nakupenda' halimo, umeona? Wimbo mzima halimo! Nani kawaandikia?"

"Wanaandika wenyewe, mama."

"Weka mwingine."

Tangu hapo hatukushikika tena. Tulisikiliza albamu baada ya albamu, mimi naunga pindo, yeye anasahihisha. Alitaka kujua kwa nini kinanda kiliingia kwenye albamu ya nne, kwa nini mwimbaji wao mwanamke, yule mwenye sauti nzito, alinyamaza albamu nzima. Kuhusu nyimbo mbili alisema ni uvivu mtupu, waliandika huku wanasinzia, na nilipowatetea akaniambia mapenzi yasinizibe masikio. Mume wangu alikuwa akirudi jioni anatukuta tunabishana, anasimama mlangoni na mfuko wake wa nyaya kama mtu aliyekosea nyumba.

Kisha siku moja mchana tukafungua redio. Mtangazaji alikuwa anazungumzia bendi zilizopotea njia, akawataja Jirani Wapya. Wimbo mmoja mzuri, akasema, halafu wakaanza kubadilikabadilika kwa sababu hawajui wanachotaka. Wasikilizaji wapige simu.

"Nipe simu," mama akasema.

"Mama, daktari alisema utulie."

"Nimetulia. Nimelala. Nipe simu."

Nikapiga, na tulipopokewa nililala sakafuni ubavuni kwake, simu nimeisogeza karibu na tundu la sponji.

"Karibu hewani, mama. Unatupigia kutoka wapi?"

"Kutoka chini. Sikiliza, mwanangu. Unaujua wimbo wao wa 'Tunahama'?"

Mtangazaji akasitasita. "Nadhani niliusikia..."

"Hukuusikia. Familia inahama nyumba. Ubeti wa kwanza wanatoa kabati, na ngoma inaondoka. Wa pili wanatoa kitanda, gitaa linaondoka. Wa tatu meza, kinanda nacho kwaheri. Mwisho imebaki sauti ya yule mwimbaji wao mwanamke peke yake, inavuma kama chumba kitupu. Vyombo vinatoka nyumbani, vyombo vinatoka kwenye wimbo! Sasa mtu anayefanya hivyo hajui anachotaka?"

Nikasikia mtangazaji anacheka, cheko la mtu aliyekamatwa na hajakasirika. "Mama, ngoja niutafute."

Akautafuta, akaupiga wote bila kuukata. Mimi na mama mkwe wangu tulilala sakafuni katikati ya vipande vya kitambaa tukiusikiliza kana kwamba hatujawahi kuusikia, na ulipofika kwenye sauti ile ya peke yake, mkono wake ulinitafuta, ukanishika kiwiko.

Mume wangu aliingia mapema siku hiyo. "Nilikuwa juu ya ngazi kwa mteja," alisema, "namsikia mama yangu redioni. Mteja ananiuliza, 'Huyu mama mkali ni nani?'"

"Ukamjibu nini?" mama akauliza.

"Nikasema simjui." Akakaa chini, akavua viatu. "Lakini ule wimbo... Hebu uwekeni tena."

Wiki iliyofuata daktari alimulika jicho, akalichungulia muda mrefu, akasema limeshika vizuri mno. Anaweza kukaa, anaweza kutembea.

"Na kucheza?" mama akauliza.

Daktari akanitazama mimi. Nikatazama dari.

"Polepole," akasema.

Siku hizi anaishi kwake, na anapiga simu kila Jirani Wapya wakitoa kitu. Cha mwisho wameweka kwaya ya watoto na ngoma za mashine, na mimi sijakipenda. Yeye anasema sijakisikiliza, nikiweke tena, na safari hii nizime cherehani.