Mayowe Katika Soko la Matofali

Jumamosi ile waimbaji wa opera waliletwa kuwachangamsha wateja katika soko la zamani la matofali mekundu, jijini Washington. Nadra na mama mkwe wake, Bi Nunu, waliokuja kutoka kitongoji cha Temple Hills kuuza khanga, walimwachia muuzaji jirani meza yao nje wakaingia kusikiliza.

"Mbona analia yule?" Bi Nunu aliuliza.

"Halii, mama, anaimba. Mumewe kauawa."

Ghafla nyuma yao kukalia pa! pa! Mtu akapiga ukelele, "Bunduki!" Umati ukageuka wote kwa pamoja. Nadra alikuwa amemshika mkwewe mkono, lakini alisukumwa, mkono ukachomoka. Aliuona ushungi wa kijani wa Bi Nunu mara moja tu, kisha hakuuona tena.

Muuza nyama mmoja akamvuta ndani ya chumba cha barafu, akafunga mlango.

Nyuma ya mapaja ya ng'ombe yaliyoning'inia alijibanza mwanamume, shati limelowa damu, kisu kiunoni. Nadra alirudi nyuma hadi mlangoni. Akaanza kusoma Ayatul Kursiy, akapotea katikati, akarudia mwanzo.

"Ni rangi," mwanamume alinong'ona, meno yakigongana. "Mimi mwimbaji. Msifungue mlango, tafadhali."

"Mkwe wangu yuko nje!" Nadra alimgeukia muuza nyama. "Mtu mzima, Kiingereza hajui. Nifungulie!"

"Ukitoka utauawa, dada. Na sisi pia."

Alimpigia Bi Nunu simu. Iliita, ikaita, ikakatika. Nadra akakaa chini kwenye sakafu ya baridi, akijiuliza atamwambia nini mumewe.

Hatimaye polisi waligonga. Hapakuwa na bunduki; rafu za chuma ndizo zilizoanguka.

Nadra alitoka mbio, akiruka viatu na machungwa yaliyopondwa. Bi Nunu alikuwa ameegemea ukuta, kichwa wazi, kifundo cha mkono kimevimba, mwanamke asiyemjua akimpepea.

"Mama!"

"Nilikuita, mwanangu. Nilikuita mpaka sauti ikakauka."

Nadra alipiga magoti, akavua mtandio wake wa mabegani, akamfunika kichwa. Fundo lilimshinda, akalirudia.

"Usiniache tena kwenye watu," Bi Nunu alisema.

Nadra alitaka kumwambia kwamba ni umati uliowatenganisha. Lakini, ingawa alivutwa, mlango wa chumba cha barafu aliupita kwa miguu yake mwenyewe. Akamshika kiuno, wakaanza kutoka taratibu, wakisimama kwa kushtuka kila kiti kilipoburutwa.