Pale Papa Analala

Octave alikuwa na ugonjwa mmoja wa kazi: vitu vya ufundi wake alivipa majina yake mwenyewe, kisha akasahau kwamba wateja hawayajui. Kamera ikichafuka ndani alisema ina mafua. Video ikikwama, picha ileile ikajirudia badala ya kufuatwa na nyingine, alisema picha imelala. Watu walicheka, naye akazoea. Neno hilo la mwisho ndilo lililomtia aibu ambayo hadi leo akiikumbuka hushusha macho.

Studio yake ni chumba kimoja hapo Kavimvira, hatua chache kutoka mpakani. Asubuhi anapiga picha ndogo za vitambulisho kwa wanaovuka kwenda Bujumbura. Mchana anafanya kazi anayoipenda, kutoa video kwenye kaseti za zamani na kuziingiza kwenye kompyuta. Kaseti hizo zimejaa masandukuni mwa watu wa Uvira, lakini mashine za kuzisoma zilishakufa. Octave anayo kamera moja kuukuu inayozisoma bado, na anaitunza kuliko anavyoitunza pikipiki yake.

Jumanne Mama Pélagie, mteja aliyekuwa amemwachia kaseti ya familia yake, alirudi na flashi yenye video aliyopewa wiki iliyotangulia. Alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Lemera, mtu asiyepandisha sauti hata akikosewa. Alikaa, akaweka mkoba magotini, akasubiri mteja mwingine atoke.

"Papa Vainqueur," akasema, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, "kazi ulifanya, aksanti. Lakini bantu banatembea sawa benye kuwa na kwikwi. Na kule ku mwisho, kwa Papa, mukono iko chini, kisha paf, iko yulu. Katikati hakuna kitu."

Octave aliichezesha video, akaona kweli. Mwanzoni mwa video, kwenye sherehe ya ubatizo, watoto waliokuwa wakikimbia walisita, wakaruka, wakasita tena. Mwishoni, mzee aliyekuwa kitandani alikuwa na mkono juu ya blanketi, picha ikaganda, na ilipoamka mkono ulikuwa hewani.

"Huu mukono njo umenileta," akasema Pélagie. Akaeleza taratibu, macho yakiwa kwenye kioo cha kompyuta.

Mwaka 2003 binamu wa Pélagie na ndugu zake, Frédéric, aliyekuwa akiishi Ulaya, alipanda Lemera na kamera ndogo. Baba yao alikuwa mgonjwa, siku zake zinahesabika. Asubuhi ile aliwaita watoto wake mmoja mmoja, akawawekea mkono kichwani, baraka ya mwisho ya mzazi. Frédéric alitaka kumbukumbu, akampa Pélagie kamera kwa sababu mikono yake haitetemeki. Kaseti ya kwanza ilijaa baraka za ndugu zake, Pélagie akaweka ile ya ubatizo iliyobaki nafasi mwishoni, akakaa nyuma ya kamera mpaka nayo ikaisha. Baba akasinzia, na kesho yake hakuamka.

"Tangu siku ile kaka yangu Luc ananiambia: bote balipata mukono, weye hukupata, ulikuwa na mashini ku jicho. Jumamosi Chérie wangu anaolewa. Luc anasema muntu hawezi kutoa kitu hakupewa. Bibi yake, wifi yangu Geneviève, njo atamuwekea mutoto wangu mukono. Minye mama yake nitakaa ku kiti, naangalia. Lakini nakumbuka mukono wa Papa ulinyanyuka. Mule mu katundu ka kamera nilikuwa naona kidogo tu, na machozi. Nataka kuona ulinyanyuka ju ya nani."

Octave aliirudisha video nyuma kidogo. "Ni picha zenye kulala, Mama. Nitaziondoa zote."

Mlangoni Pélagie aligeuka. "Na pale Papa analala, uniangalilie muzuri sana."

Octave akafungua daftari lake akaandika: *Pale Papa: inalala sana. Toa zote.* Mama wa watu alikuwa anamzungumzia baba yake aliyelala kitandani. Fundi alisikia ufundi wake.

Alianza kazi siku ileile, na mwanzoni aliifanya kama anavyojua kuifanya. Video si kitu kimoja, ni picha nyingi zinazopita upesi. Akazipitisha moja moja kwa kidole, akihesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, na ya sita ilikuwa ileile ya tano. Akaendelea: tano tena, na ya sita nakala. Hapo akajicheka mwenyewe, kicheko kichungu. Kamera ya Frédéric ilikuwa ya Ulaya, inapiga picha ishirini na tano kwa sekunde moja. Kompyuta yake alikuwa ameiwekea thelathini. Ili zitimie, ilikuwa inajaza kwa kurudia.

Hilo lilieleza kwikwi ya watoto. Halikueleza mgando wa pale kwa mzee, ambapo picha moja ilijirudia mara mia tatu mfululizo. Huko kompyuta ilikuwa imezidiwa. Diski ya nje ilikuwa imejaa hadi mdomoni, na kila iliposhindwa kupokea picha mpya, iliiacha ipotee ikarudia ya zamani.

Fundi mwenye akili zake angejua la kufanya: kuichezesha kaseti upya. Octave alijua. Lakini kaseti ile ilikuwa na ukungu pembeni, na mara ya kwanza ilipiga kelele ndani ya kamera kama bawaba kavu. Aliogopa itakatika mikononi mwake. Akachukua njia ya mkato. Alikuwa na programu inayolinganisha picha na kutupa kila inayofanana na iliyotangulia. Kwenye ubatizo aliiwekea ukali wa kadiri. Alipofika kwa mzee alitazama daftari, akaona maneno yake mwenyewe, akapandisha ukali mpaka mwisho. Hakuyatazama matokeo yote. Aliona watoto wanakimbia vizuri, akaridhika.

Alhamisi Pélagie alikuja amevaa kitenge cha kutokea. Watoto wa ubatizo walikimbia bila kwikwi, naye akatabasamu, akawataja majina. Kisha chumba cha baba yake kikatokea. Blanketi la mistari, mkono juu ya blanketi, mkono hewani, giza. Sekunde tisa.

Kioo kilibaki cheusi, lakini sauti iliendelea, kwa maana programu ilikata picha tu. Kuku alilia nje ya nyumba ya Lemera. Mtu alikohoa. Halafu ikasikika pumzi ya mzee, nzito, ikipanda na kushuka, dakika nne nzima, gizani. Pélagie aliisikiliza yote bila kujitikisa.

"Papa Vainqueur," akasema ilipokwisha, "umemukata Papa yangu."

"Mama, weye mwenyewe ulisema, pale analala..."

"Nilisema uniangalilie muzuri."

"Minye nilisikia..." Octave akafungua daftari akamwonyesha, kwa sababu hakuwa na namna nyingine ya kujieleza. Pélagie alisoma. Uso haukubadilika, ila machozi yalimtoka, yakateremka, na hakuyafuta.

"Alikuwa mugonjwa," akasema. "Hakuweza kutembeza mwili. Ile mashini yako, muntu kama hatembee, inasema hayuko?"

Octave alitamani ardhi ipasuke immeze. Ndivyo programu ilivyofanya hasa. Mzee alikuwa akisogea polepole mno, kidole kwa kidole, na picha zake zote zilifanana. Watoto wenye mbio walibaki. Yeye, aliyekuwa na pumzi tu, alitupwa kama takataka.

"Nisamehe, Mama," akasema. "Kosa ni langu, haiko ya mashini. Zile picha zenye kujirudia, kila moja inakalia kiti ya ingine yenye ilipotea. Hata nikizitoa, zenye zilipotea hazirudie. Ziko mu kaseti tu. Inaomba tuicheze tena, na inaweza kukatika."

"Ikikatika?"

"Basi tumeikosa."

Pélagie alitazama nje, ambako wabadilishaji fedha walikuwa wakiitana kama kawaida. Leo Alhamisi, Jumamosi harusi. "Icheze," akasema. "Minye niko hapa."

Octave alifunga mlango, akageuza kibao. Safari hii hakuruka hatua. Alisafisha kichwa cha kamera, kile kinachosoma kaseti, kwa spiriti na kitambaa laini. Alifuta ukungu wa kaseti kwa pamba, akaipeleka mbele na kurudi mara moja, taratibu, ili utepe wake ulegee. Alizima kila kitu kwenye kompyuta, hata intaneti, akaamuru picha ziende kwenye diski ya ndani. Aliandika ishirini na tano, akaisoma kwa sauti ili ahakikishe. Umeme wa Uvira hauna ahadi, akaunganisha kila kitu kwenye betri. Mwisho akatoa waya mmoja kutoka kwenye kamera hadi kwenye televisheni ndogo, ili Pélagie aone kaseti yenyewe inavyopita. Akapiga ishara ya msalaba, akabonyeza.

Kaseti ililia. Octave alishika meza kwa mikono miwili. Ililia tena, ikatulia, na watoto wa ubatizo wakapita wakikimbia.

Kisha mzee akatokea. Octave alikuwa amempitisha mara kumi na hakuwahi kumwona. Alikuwa na uso mwembamba, na macho yaliyokaza kutazama mbele, moja kwa moja kwenye kamera. Mkono ulikuwa juu ya blanketi. Ulianza kunyanyuka polepole, ukitetemeka, kama unainua ndoo ya maji. Ulipofika usawa wa kifua ulisimama. Kiganja kikiwa kimeangalia chini, vidole vikajikunja mara moja, mara mbili, kuelekea kwake. Huku kwetu hakuna asiyejua ishara hiyo.

"Ananiita," akasema Pélagie.

Vidole vilinyooka. Mkono ukabaki wazi hewani, na mzee akaendelea kutazama. Sekunde kumi zikapita, ishirini, dakika. Hakuna kilichobadilika kwenye kioo.

Pélagie akamgeukia Octave kwa hofu. "Imelala tena?"

Octave alitazama kompyuta. Namba zilikuwa zikikimbia, ishirini na tano kila sekunde, hakuna iliyopotea wala iliyorudiwa. Aliangalia mara ya pili, akazihesabu.

"Hapana, Mama," akasema. "Picha iko natembea. Ni Papa. Anakungoja."

Pélagie aliteremka kwenye kiti. Alipiga magoti mbele ya ile televisheni ndogo, akavua kitambaa cha kichwani, akainama mpaka paji la uso likagusa kioo chini ya mkono.

"Niko, Papa," akasema. "Nimekuya."

Octave alisimama ukutani, asijue pa kuweka macho yake. Kaseti iliendelea zaidi ya dakika mbili, na mkono haukushuka. Ilipoisha kioo kikawa cha buluu, na Pélagie akabaki vilevile, naye hakumharakisha.

Ijumaa Luc aliiona video nyumbani kwa dada yake. Aliomba irudiwe, akaitazama amesimama, kisha akatoka nje. Jioni alimwambia mkewe Geneviève kwamba kesho akae pamoja na wageni wengine.

Jumamosi Octave alikuwa harusini na kamera yake mpya. Chérie alipopiga magoti, Pélagie alimwekea mkono kichwani akauacha hapo, kimya, bila kuutikisa, muda mrefu hata watu wakaanza kukohoa. Alipokuwa akitengeneza video hiyo wiki iliyofuata, Octave hakukata hapo hata sekunde moja.