Mzizi Ndani, Mmea Ndani

Jumanne, saa nne na robo asubuhi, Daktari alipiga magoti mbele ya kiwanja namba tatu, akalaza fremu yake ya chuma, akatoa penseli sikioni, na hakukuta cha kuhesabu. Fremu ilikuwa ya mita moja kwa mita moja, imefungwa nyuzi za kuigawa vyumba mia. Vyumba vyote mia vilikuwa udongo mtupu. Palipokuwa na ukoka palibaki vitundu, palipokuwa na mbigili palibaki vitundu vikubwa zaidi, na udongo ulikuwa umefagiwa pembeni vizuri, kama afanyavyo mpangaji mstaarabu siku ya kuhama. Daktari aliandika sifuri, akasogea namba nne. Huko nako sifuri.

Huyu Daktari hatibu mtu. Majirani wakimletea kikohozi huwarudisha walikotoka. Ni mtaalamu wa ikolojia ya mimea, na kazi yake ni kujua uoto unavyobadilika: mmea gani umeota wapi, umeondoka lini, umeenda wapi na kwa nini. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa na viwanja arobaini kwenye kilima nyuma ya taasisi, kila kimoja na vigingi vyake vinne, na kila mwaka, mwezi uleule, vilihesabiwa mmea kwa mmea.

Sasa tuseme ukweli, aliyehesabu ni Shangazi. Alikuwa shangazi wa taasisi nzima, msaidizi wa uwandani, mama wa miaka hamsini na tisa. Ukimpa nusu ya jani kavu lililotafunwa na panzi, atakuambia ni la mmea gani na uliota upande gani wa kilima. Daktari alimfundisha kanuni moja tu, mwaka wa kwanza: mzizi ndani, mmea ndani. Mzizi ukiwa nje ya fremu, hata majani yalale katikati, mmea hauhesabiwi. Mengine yote Shangazi ndiye aliyemfundisha Daktari, ingawa hilo halikuwahi kusemwa.

Kitu kimoja Shangazi alikiomba, mwaka wa tatu: jina lake litoke juu ya makala, pembeni ya la Daktari. "Ijayo, Shangazi," aliambiwa, kwa makala kumi na moja mfululizo. Kila sherehe ya mwisho wa mwaka alivishwa kilemba cha ukoka: bila Shangazi tungekuwa wapi, jamani, mpigieni makofi. Sasa alikuwa anastaafu Ijumaa, na makala ya kumi na mbili, ile kubwa ya miaka yote kumi na tisa, ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Daktari alikuwa ameshaliandika jina hilo kamili, lake, la baba na la babu. Jumatatu asubuhi alilitazama mpaka chai ikapoa. Alifikiri watu watakavyoona majina mawili na kusema, ala, kumbe ni kazi ya Shangazi. Roho ilimkatalia. Akabonyeza kitufe cha kufuta mara ishirini na tatu, herufi kwa herufi, akaituma makala.

Jumatatu hiyohiyo, saa saba mchana, mimea ilianza kuondoka.

"Walipita hapa getini," mlinzi alimwambia Daktari, na akamgeuzia daftari la kutoka na kuingia. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya bluu: Ukoka, idadi arobaini na moja, saa saba na dakika kumi, anakoelekea kwa Shangazi. Chini yake mbigili, kumi na sita, kwa Shangazi. Chini yake mnavu, tisa, kwa Shangazi. Safu ya saa ya kurudi ilikuwa tupu. "Niliwauliza kama wanarudi, hawakunijibu. Ila walipanga foleni vizuri kuliko wanafunzi."

Shangazi alikaa nje ya geti, nyuma ya karakana ya taasisi, vyumba viwili na ua. Daktari alimkuta kwenye kigoda anasuuza vikombe. Ua ulikuwa umejaa, kiwanja kwa kiwanja, kwa mpangilio uleule wa kilimani, isipokuwa mimea ilikuwa imeacha njia ya kwenda bafuni na nafasi chini ya kamba ya nguo.

"Karibu, Daktari. Pitia huku, hapo utamkanyaga namba tatu."

"Umewaita?"

"Niwaite na nini? Jana nimeshinda kwenye ofisi ya pensheni, wakaniambia nirudi leo. Kurudi nyumbani nikawakuta wamekaa." Akaumwagia ukoka maji ya vikombe bila hata kuutazama. "Nimeshawahesabu. Fomu iko mezani, chini ya kopo la sukari."

Daktari hakuwa na habari na fomu. Alikuwa anautazama ukoka. Kwake, miaka kumi na tisa, ukoka ule ulikuwa mfupi na wa kijivu, na yeye ameandika kurasa thelathini kueleza kwamba ndivyo ulivyoumbwa. Hapa ulikuwa na siku moja na umeshatoa maua. Shangazi akizungumza, majani yote uani yalimgeukia. Akinyamaza, yalirudi mahali pake. Daktari akakohoa. Hakuna lililotikisika. Akautamkia mnavu jina lake la kisayansi, taratibu, bila kukosea hata silabi. Mnavu ulimgeuzia mgongo.

Wivu ulimshika palepale, wivu wenyewe hasa, ule wa mtu aliyemkuta mwenzake kibarazani kwa jirani anacheka kicheko ambacho nyumbani hakijawahi kusikika. Alikataa chai, akaondoka. Fomu aliichukua.

Mkewe alipoelezwa hakuacha kupiga pasi.

"Kwa hiyo umeachwa."

"Wamehama tu."

"Umeachwa, baba watoto. Pole." Akageuza kola ya shati. "Kwenye harusi ya dada yako nilicheza nyimbo nne na yule binamu yako mwenye gari, wewe ukaenda kuchunguza nyasi nyuma ya hema. Leo umevimba hivi kwa ajili ya ukoka. Ningehama mimi, ungegundua mwezi ujao, tena kwa kukosa soksi safi."

Daktari aliomba soksi.

Jumatano aliitwa na mkuu wa idara, mama mmoja mpole anayependa faili zilizofungwa. Aliuliza kama mimea imehama kwa kibali. Alipoambiwa hapana, uso ulimkunjuka, maana kama hakuna kibali basi taasisi haihusiki. "Ila haya ni matokeo makubwa, Daktari. Spishi kubadili mtawanyiko kwa siku tatu! Tuwaongezee wahariri aya kwenye makala. Sababu ni nini?"

Daktari aliijua sababu. Ilikuwa inastaafu Ijumaa.

"Joto," alisema.

"Joto," mkuu wa idara akakubali, akaandika. "Joto hawalikatai popote."

Alhamisi Daktari alijaribu kubembeleza. Alipanda kilimani na ndoo mbili za maji, akamwagilia viwanja sita vilivyokuwa bado na wenyewe, akawaomba radhi kwa jumla, bila kutaja kosa. Saa saba ilipofika akasimama katikati ya njia amenyoosha mikono, kama mtu anayezuia kuku. Mimea ilimzunguka kwa adabu, huku na huku, ikateremka. Mmea mmoja mzee wa mchunga ulisimama kupumzika karibu na kiatu chake, kisha nao ukaendelea. Imebaki nini? Punje moja ya mbigili ilikuwa imeshika soksi yake ya kushoto, imeshika kwelikweli. Daktari alifurahi kuliko siku aliyopewa udaktari. Aliteremka akichechemea ili asiisumbue, akapita njia ndefu makusudi, mbele ya ua wa Shangazi, aionyeshe. Mbele ya mlango wa ua punje iliachia soksi, ikabingirika, ikapenya chini ya mlango. Kumbe ilikuwa imeomba lifti tu.

Ijumaa, siku ya mwisho ya Shangazi kazini, walipanda wote wawili kufunga hesabu. Shangazi alivaa buti zake za kazi na kushika ubao wa fomu. Daktari alibeba fremu. Kiwanja cha kwanza, sifuri. Cha pili, sifuri. Walitembea hivyo asubuhi nzima, yeye akilaza chuma juu ya udongo uliofagiwa, Shangazi akiandika sifuri kwa mwandiko uleule aliouandikia mia tatu. Mpaka namba arobaini.

"Kuna mmoja!" Daktari alisema.

Kulikuwa na kifauongo. Vitawi vyake viwili vilikuwa vimelala ndani ya fremu, kwenye kona ya chini. Daktari akakigusa kwa kidole, nacho kikafunga majani, jozi baada ya jozi, kama ufanyavyo mmea huo ukiguswa na mtu yeyote. Macho yalimjaa machozi.

"Ananionea haya," alisema. "Miaka yote hii, bado ananionea haya. Unaona, Shangazi? Huyu amebaki kwangu."

Shangazi alichuchumaa. Aliinua vitawi kwa ncha ya penseli, akafuata shina taratibu mpaka lilipoingia ardhini.

"Mzizi uko nje, Daktari. Vidole vitatu."

"Umetazama vizuri?"

"Nimetazama. Alikuwa anapita."

Daktari alitazama kilima kitupu juu yake, akatazama mapaa ya karakana chini. Kisha kwa ncha ya kiatu akaisukuma fremu. Ilisogea vidole vinne.

"Tazama tena."

Shangazi alitazama fremu, akatazama kiatu, akatazama vigingi vinne ambavyo havikuwa vimesogea. Akaandika moja. Chini ya fomu palikuwa na mstari wa Aliyehesabu. Alimpa Daktari penseli, kama kila mwaka, na Daktari akatia sahihi, kama kila mwaka.

"Na jina langu?" Shangazi aliuliza. "Kwenye ile kubwa. Ulilitia?"

"Mambo hayo huamua wahariri, Shangazi."

"Haya," alisema Shangazi. Alivua buti, akazipanga pembeni ya kigingi, akatoa kandambili kwenye mkoba, akateremka bila kuaga. Alikuwa amefika katikati ya mteremko kifauongo kilipofungua majani yake. Kiling'oa mzizi, kikaukung'uta udongo, kikasawazisha kitundu, kikamfuata. Daktari alibaki peke yake na fremu. Roho ilimuuma mpaka akakaa chini. Halafu akainuka akaibeba, maana ni mali ya taasisi.

Getini mlinzi alikuwa na daftari wazi.

"Huyu ndiye wa mwisho, eeh? Nimeshamwandika, saa saba na dakika tano. Ila nimekwama kidogo, Daktari. Shangazi amerudisha kitambulisho, si mtumishi tena. Anayekwenda kwa mtu wa nje lazima niandike jina kamili la mwenyeji, na mimi nimesahau kumuuliza. Wewe umefanya naye kazi miaka yote. Anaitwa nani hasa?"

Kutoka pale getini ua ulionekana. Kifauongo kilikuwa kimesimama mlangoni, na Shangazi alikuwa anakifungulia. Jina lilimjia Daktari mdomoni kamili, lake, la baba na la babu, herufi zote ishirini na tatu.

"Silikumbuki," alisema. "Andika Shangazi."

Mlinzi akaandika Shangazi, akafunga daftari.